Usiniandikie Kila Saa

Zuwena, kipande cha roho yangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mkono, nikikushika kichwa na kukusomea, kwa hiyo hapa nazivuka. Na mambo ya mashuka, ya kufunga mlango wa chumba, ya kula kitu asubuhi kabla ya darasa, nimekwisha kuyasema mpaka juzi ukanijibu, "Mama, nakwenda Sur, siendi mwezini." Basi hayo tumeyamaliza.

Sasa hivi umetoka na baba yako kwenda kuwaaga shangazi zako wa Mudhairib. Rahma kalala, mdomo wazi, mguu mmoja kauegemeza ukutani kama kawaida yake. Leo maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, ni zamu yetu kabla ya Magharibi, na mpaka ifike nina nafasi ya kukaa na kalamu. Nina jambo moja ambalo nikilianza kwa mdomo nitalia, wewe utanikumbatia, na halitamalizika.

Jana nilikusikia.

Nilikuwa nakuja chumbani kwenu na nguo zako nilizokwisha kuzipiga pasi. Mlango uko nusu. Umepiga magoti mbele ya mdogo wako, unamvisha shingoni ule uzi wenye ufunguo wa sanduku la bibi yako.

"Mama akikuomba kabla ya saa yake, unamwambiaje?"

"Bado."

"Akisema mara moja tu?"

"Bado, Mama."

"Akikasirika?"

"Nakimbilia kwa Babu!"

Mkacheka nyote wawili. Halafu Rahma akaacha kucheka. "Na akilia?"

Ukafikiri. "Akilia mpe maji ya kunywa, ukae naye. Lakini ufunguo usimpe."

Nikarudi jikoni na nguo zangu mkononi. Nikawasha pasi, nikazipiga upya, nguo zilizokwisha kunyooka.

Mtu asiyetujua akisikia maneno yale atadhani nyumba hii inafuga mlevi. Hakosei sana. Ndani ya sanduku lile hulala simu yangu mchana kutwa, hutoka baada ya Isha, na tangu ulipokuwa na miaka kumi na miwili mwenye ufunguo ni wewe. Unakwenda chuo, sanduku la nguo zako limefungwa, na bado ulikuwa huna raha mpaka umpate mtu wa kumkabidhi mama yako. Ukamkabidhi kwa mtoto wa miaka sita.

Ndiyo maana nakuandikia. Sitaki uondoke Ibra hali umeniacha kwenye zamu ya mtu.

Unajua mwisho wa khabari hii, kwa sababu uliuona. Mwanzo wake sijakupa vizuri, ulikuwa mdogo na mimi nilikuwa na haya.

Mimi nilikulia Birkat al Mauz, kwenye nyumba iliyo juu ya migomba, na mama yangu, bibi yako Shemsa, aliyeletwa kutoka Unguja akiwa msichana. Nyumba ile Kiswahili kilikuwa hakipumziki. Bibi yako akigombana na kuku kwa Kiswahili. Akisema kuku wa huku hawana adabu kwa kuwa hawaelewi wanachoambiwa. Nikaolewa Ibra, msichana mdogo, umri wako huu ulionao sasa, na nikitazama ulivyo mdogo nashangaa walioniruhusu. Watu wa baba yako hawajavuka bahari hata mmoja wao. Watu wema, Mungu awalipe. Lakini wakikaa wakitaniana kwa Kiarabu chao cha haraka, mimi nilikuwa nacheka nyuma yao, wakati wenzangu wamekwisha kucheka na wamekwenda kwenye jambo jingine. Baba yako naye kazini kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko, wiki mbili hapa, na zile za hapa nusu yake usingizi.

Bibi yako ndiye aliyenishika. Akinipigia kila asubuhi: "Haya, umeamkaje, umekula nini, nani kakuudhi?" Alipofariki, Rahma alikuwa bado tumboni. Sikulia sana msibani, nilikuwa na kazi ya kupokea watu. Kilio kilikuja baadaye, siku niliyochoma mkono kwa mafuta nikasema "Ohoo, mama weee!" na hakuna mtu nyumba nzima aliyejua nimesema nini. Wewe ulikuwa ukinielewa, lakini ukinijibu Kiarabu. Lugha ilikuwa imebaki kwangu peke yangu, na lugha ya mtu mmoja, mwanangu, ni mazungumzo na ukuta.

Basi nikiwa namnyonyesha Rahma, huku natazama simu kwa kuwa mkono mmoja hauna kazi, nikaangukia lile baraza. Utalikumbuka, ule ukumbi wa simuni wa watu wanaozungumza moja kwa moja. Mwenyeji wake mwanamke wa Kipemba anayekaa Dubai. Sura yake sikuiona hata siku moja. Alikuwa akionyesha mkono tu, una hina, unamimina kahawa, na sauti. Watu wameingia kutoka kila pahala, Mombasa, Ngazija, Maskati, Ulaya huko, wanataniana, wanakumbushana mapishi, wanasutana. Nikaandika salamu. Na ile sauti ikasema:

"Eeh, huyu nani huyu kaingia? Mama Zuwena wa Ibra! Karibu mwaya, jamvi lako hili, vua viatu ukae."

Nililia, Zuwena. Maziwa yanatoka huku, machozi huku. Sikuwa nimeitwa namna ile tangu bibi yako.

Kama angeniita hivyo kila siku kwa saa ile ile, nadhani ningemzoea na ningeendelea na mambo yangu. Lakini watu walikuwa wengi, na yeye akiita anayemwona. Siku nyingine nikiingia tu, jina langu hilo. Siku nyingine nikae alasiri nzima, aite huyu, aite yule, mimi kimya. Na hizo ndizo siku zilizokuwa zikinifunga. Najiambia, ngoja kidogo, ataniita sasa hivi. Wali unashika chini. Ngoja kidogo. Rahma kalowa. Ngoja. Na akiniita, wallahi utamu wenyewe ulikuwa umekwisha kabla hajafika kwenye "Ibra". Nilikuwa sijapumua vizuri, nimekwisha kuanza kungoja tena.

Fedha sikupoteza za kutaja. Nilipoteza alasiri. Ziko alasiri za utoto wa mdogo wako ambazo ukiniuliza zilikuwaje nitakuambia khabari za mtu wa Mombasa aliyegombana na wifi yake.

Wakati ule ule miguu ya babu yako, mzazi wa baba yako, ilikuwa imekataa. Shamba likanijia mimi: siku ya zamu yetu niende mferejini, nilivute lile jiwe lililozungushiwa matambara, maji yaingie kwenye mitende na mindimu yetu, na fungu letu likimalizika nirudishe jiwe, maji yaende kwa jirani. Kazi ya nusu saa na ushei. Babu yako alinikabidhi kama anayemkabidhi mtu mtoto. Siku hizi wengi hutazama saa ya mkononi, lakini yeye mpaka leo anataka aambiwe kivuli cha kijiti cha kupimia zamu kimefika wapi pale uwanjani. Na unajua ilivyo: fungu likikupita, limekupita. Maji hayarudi nyuma kwa ajili ya mtu. Unangoja mzunguko wote.

Mara ya kwanza lilinipita kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimekaa kivulini, waya masikioni, nikinyanyua kichwa maji ya jirani yanapita yakimeremeta, jiwe letu liko pale pale. Nikamwambia babu yako nimemwagilia. Mara ya pili haikuwa bahati mbaya. Nilijua kivuli kiko wapi, nikasema ngoja kidogo.

Mara ya tatu na ya nne na hizo nyingine, miti ilipata maji, na mimi nikafikiri ni mimi niliyefungua. Namna hiyo nilikuwa nimepotea. Kumbe ni wewe. Ulikuwa ukitoka skuli, ukitupa mkoba, ukija mbio kufungua maji, halafu unakwenda kumwambia babu yako, "Mama kamaliza." Nilimfundisha mwanangu kuongopa bila ya kumfundisha.

Sasa ile siku.

Mimi nimekaa upande huu wa ukuta, chini ya mndimu. Wewe uko upande wa pili, mferejini. Nilikuwa nimenyamaza muda mrefu, nimenuna kidogo kwa kuwa sijaitwa. Na ile sauti ikasema, "Mama Zuwena wa Ibra! Leo uko kimya, upo kweli wewe?"

Nikaruka. "Nipo! Nipo dada yangu, nipo!" Nilipiga ukelele mpaka njiwa wakaruka ukutani.

Halafu nikaona fimbo. Babu yako kaja, sijui kajikokota vipi kutoka barazani kwake, anahema, kilemba kimemwendea upande. Akaichomeka fimbo kwenye waya, akauvuta ukatoka masikioni mwangu. Akasema kwa Kiarabu chake kile cha haraka, lakini siku ile nilielewa kila neno:

"Mwanao anakuita. Wewe unamjibu nani?"

Ndipo nikasikia. "Mama! Mama!" Sauti imekwisha kukauka. Jiwe lilikuwa limekuangukia kidole, matambara yamenasa, huwezi kulinyanyua kwa mkono mmoja. Umeita muda gani, mwenyewe hujui. Na mimi nilikuwa kule, nafurahia watu wa mbali wananiita kwa jina lako.

Kile kidole chako cha kati, ukucha ulioota tena una mstari. Kila ukishika kalamu nauona. Ulipofanya mtihani wa mwisho nikawaza, mwenyewe kausahau, mimi ndiye ninayeusoma.

Utadhani siku ile ile nilipona. Ungeona, mwanangu! Nililifuta lile baraza, nikalirudisha kabla chai haijapoa. Nikaapa: wallahi sirudii. Nikarudia. Nikafunga kafara ya kiapo. Nikaapa tena, nikavunja tena, nikafunga tena, mpaka shangazi yako wa Mudhairib akaniuliza, "Wewe kila ukija umefunga, una nadhiri gani hiyo isiyokwisha? Unataka mtoto wa kiume?" Nikasema ndiyo. Niseme nini? Akawa ananiombea dua mbele za watu.

Na zile siku nilizoweza, zilikuwa mbaya zaidi. Baba yako kaleta halwa ya Nizwa, nikaitia mdomoni, kama gundi. Rahma anacheka kile kicheko chake cha tumboni ambacho mtu mzima angepanda gari kuja kukisikia, mimi kinanikera masikio. Hakuna kitu kilichokuwa na ladha. Nikasema basi, mimi ndivyo nilivyo, mama asiye na moyo. Siku zile nilimtamani bibi yako mpaka mifupa ikauma, na si anifariji, anigombeze.

Ndipo nikafanya kosa langu jingine, na hili ndilo linalonirudisha kwenye mlango wa jana. Nikatia simu kwenye sanduku, nikakupa wewe ufunguo. Niliona ni akili. Kumbe nilikuwa nimekutwika. Nakukumbuka umesimama na mikia yako miwili ya nywele, uzi shingoni, mimi mbele yako mtu mzima nabembeleza: "Nipe mara moja tu, nimtazame shangazi yako kama kaandika." Na wewe, "Bado, Mama. Bado zamu." Ungesema ni arifu, yule mzee anayesimamia mafungu ya maji, jicho lake halimwogopi mtu. Siku moja nikakunyang'anya, uzi ukakukwaruza shingo. Hukulia. Ulikwenda kuleta uzi mwingine mnene zaidi. Mpaka leo sijui nicheke au nifanye nini nikikumbuka.

Siwezi kusema haikusaidia. Ilisaidia. Nikaanza kwenda mferejini mikono mitupu, nikikaa nikingoja maji na sina la kufanya. Kukaa bure kule kulikuwa kukiniuma kama jino. Mpaka siku moja nikasikia maji yanakuja kabla hayajafika, ule mlio wa majani makavu yanayosukumwa mbele, na nywele za mkono zikanisimama. Kisha ile harufu ya vumbi linapoloa. Nikasema, kumbe hivi vitu vilikuwepo. Nikarudi nyumbani nikambusu Rahma tumbo mpaka akanisukuma.

Jina la yale mambo sikuwa nalo. Umenipa wewe, mwaka jana, unajisomea mtihani jikoni na mimi nachoma vitumbua. Ulikuwa unasoma kwa sauti khabari za ubongo, ukataja dopamini, nikakuuliza, "Hiyo ndiyo furaha yenyewe?"

"Si furaha, Mama. Watu wote wanafikiri ni furaha. Hii ndiyo inayokuambia nenda, kiko karibu, nenda. Ni ile hamu ya kitu kabla hujakipata. Kukipata na kukifurahia ni jambo jingine."

"Kumbe mshenga."

"Mshenga vipi?"

"Mshenga anakuja kukusifia bibi harusi. Hajakuahidi kama yupo ndani."

Ulicheka mpaka ukaangusha kalamu. "Hilo nitaliandika kwenye mtihani!" Halafu ukaendelea, na mimi nikaacha kucheka. Ukasema mshenga huyo hupiga kelele zaidi pale malipo yasipojulikana, leo yapo, kesho hayapo. Ukasema akipiga kelele kila siku ubongo nao huziba masikio, kilichotosha jana leo hakitoshi, na vitu vidogo vidogo havisikiki tena. Hapo nikageuka kwenye karai. Nilikuwa naiona ile halwa. Kitumbua kiliungua, ukadhani ni moshi ulionitoa machozi.

Nikakuuliza dawa yake ni nini, kumtoa mshenga kabisa? Ukasema hapana, bila yake mtu hatoki kitandani, hata kwenda kunywa maji haendi. Nimelifikiri jambo hilo sana, Zuwena, kuliko unavyodhani. Nimelifikiri nikiwa mferejini. Wale wa kale waliochimba falaji walijua kiu ni nini. Kama maji yangekuja kwa bahati, leo kwako, kesho kwa mwingine, hujui lini, kila mtu angehamia mferejini na kitanda chake, asilime, asilale na mkewe, macho kwenye maji. Basi wakasimamisha kijiti, wakagawa kivuli. Siku yako ni hii, na kivuli chako ni hiki. Nenda zako nyumbani, ukaishi, maji yatakuja.

Hilo ndilo lililoniponya, si viapo. Hamu sikuifukuza. Niliipa zamu.

Wewe nawe kitakuja chako. Sijui kitakuwa nini. Huenda ni simu, huenda ni sifa za walimu, huenda ni mtu, kijana anayekujibu leo na kesho hakujibu. Sitakupa orodha. Nakuomba jambo moja tu: siku ukiona chai yako haina ladha, na mwenzako wa chumbani akicheka anakukera, usiseme chai mbaya na mwenzako mbaya. Kaa kimya ujiulize unamsikiliza mshenga gani. Na usiwe na haya kumwambia mtu. Mimi haya ndiyo iliyonichelewesha, wala si kingine.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Tangu ulipopata chuo watu wananipongeza, nami naitikia alhamdulillah, na ndani yangu kuna kitu kinasema: Zuwena atakuwa ndani ya simu. Unanielewa? Miaka yote hii nimepigana na kile kidude kwa kuwa ndani yake walikuwamo watu wa mbali, na mwanangu yuko hapa, namgusa. Kuanzia kesho mwanangu ndiye wa mbali. Sauti yako, picha yako, ule ujumbe wa "Mama nimefika", vyote vitatokea mle mle. Na ninavyojijua, utaniandikia asubuhi, nitafurahi. Mchana utakuwa darasani hutaandika, nitangoja. Jioni huenda utaandika, huenda hutaandika. Nitakaa na simu mapajani. Ngoja kidogo, ataniandikia sasa hivi. Wali utashika chini. Na Rahma ataniita kutoka upande wa pili wa ukuta.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo moyo wangu wote unakataa kuliandika: usiniandikie kila saa. Wala usinitumie picha ya kila sahani. Mama zako wengine watasema binti anayempenda mama yake humjulia hali asubuhi na jioni. Waache waseme. Sisi tutakuwa na zamu. Ijumaa, watu wakisharudi msikitini na chakula kimeondoshwa, unipigie, nitakuwa nimekaa. Unambie wiki nzima, mpaka sauti ikukauke, nami nitakuambia kila mtende. Likishakwisha fungu letu tunarudisha jiwe, wewe uende ukasome, mimi niende nikaishi.

Ukiumwa, ukiogopa, ukikosewa, hilo halina zamu. Piga simu ya nyumba saa yoyote ile, hata babu yako akiipokea akakugombeza. Hamu ndiyo yenye kungoja. Haja haingoji.

Na usidhani nikisema Ijumaa ndiyo nitakukumbuka Ijumaa. Nitakukumbuka nikimimina chai na mkono ukaenda wenyewe kwenye kikombe cha tatu, kile chako. Nitakukumbuka skuli zikitoka, nikisikia mkoba unaotupwa mlangoni na hakuna mkoba. Nitakuwa na hamu nawe mpaka kwenye kucha. Niache niwe nayo. Usinitumie ujumbe wa kuipoza kila inapochemka. Bibi yako aliitamani Unguja maisha yake yote na alikufa akicheka, akila, akigombana na kuku. Hamu haikumla kwa sababu aliikalisha pahala pake, hakuibeba mkononi kutwa.

Ufunguo nimeuchukua. Nilimvua Rahma leo alipolala kidogo tu, uzi ulikuwa umemwachia alama shavuni. Akafumbua jicho moja, akasema, "Bado, Mama." Umemfundisha vizuri! Nikamwambia, "Arifu mpya ni mimi. Wewe lala." Akanitazama kama anayepima, akageuka akalala. Ufunguo utaukuta humu ndani ya bahasha. Haufungi tena kitu. Sanduku nimelifungua, nimetia ndani zile kanga za bibi yako, na nafasi imebaki kwa nguo zako za sikukuu ukirudi. Simu iko juu yake, haina kufuli. Leo kutwa nimepita mbele yake nikienda na kurudi. Mara mbili nilinyoosha mkono. Nakuambia ili ujue sikuongopei, wala sisemi ni rahisi. Lakini mkono ni wangu, na wa kuurudisha ni mimi, si mtoto.

Basi nenda, Zuwena. Nenda mikono mitupu, huna ufunguo wa mtu.

Nasikia fimbo ya babu yako inagonga uani: "Yallah, ya bint, maji! Kivuli kimefika, wewe umelala?" Mzee huyu atanifukia. Nakwenda kufungua.

Ukikwama kwenye neno la Kiswahili humu, usiniulize kwa ujumbe. Lipigie mstari, uje nalo Ijumaa. Yale magumu nimeyatia makusudi.

Nipo,

Mama Zuwena wa Ibra